Kompyuta ikisema nyumba iko salama, itwambie pia kwa nini

Mhariri,

Pole na kazi. Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji mmoja aliesema watu wa Mombasa wanaolalamika nyumba zao zinatikiswa na mijengo ya majirani wana wivu tu, ati wanaona ghorofa zinapanda na wao bado wako chini, alafu akamalizia kwamba siku hizi kuna akili bandia inayokadiria mtetemo kabla rola, lile gari la kushindilia ardhi, haijawashwa, kwa hivo kontrakta aachwe afanye kazi yake. (Akili bandia, akili unde, akili mnemba, kila gazeti na jina lake, mi naandika bandia manake ndo niliyoizoea.) Nimeisoma hiyo barua mara mbili, mara ya pili kwa sauti mbele ya mke wangu, na nimeona nijibu kwa sababu kupima mtetemo ndo kazi inayonilisha. Sina digrii ya kompyuta. Mi ni mtu wa vipimo, nabeba jiofoni kwenye begi, naingia nyumba za watu, navua viatu, naomba ruhusa nikae kwenye kona ya ukumbi wao siku nzima.

Kazi yenyewe ni hivi. Jiofoni ni kidude kama kopo la maziwa ya unga, kizito kuliko kinavyoonekana, ndani mna sumaku na koili zinazocheza kwa njia tatu, mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Unakiweka chini penye msingi wa nyumba, sio juu ya zulia, sio juu ya kigae kilichobanduka, mi hukigandisha kwa jipsam nikasubiri ikauke kabisa, manake kikikaa vibaya kinaruka chenyewe na namba inakudanganya. Namba inayotoka ni kasi ya ardhi inavyocheza, milimita kwa sekunde, na tunayoiandika ni ile ya juu kabisa iliyofikiwa. Mtu akiwa kwake ametulia huanza kuhisi kwenye 0.3 hivi, ikifika 1 anatoka nje kulalamika, mwongozo wa Waingereza wa ujenzi, BS 5228, unayasema hayo wazi. Lakini ukuta ulio mzima haupati ufa kwenye 1. Sasa hapo katikati ya kuhisi na kupasuka ndo pana ugomvi wote, jirani anaapa nyumba inaanguka, kontrakta anaapa hakuna kitu, na wote wawili hawasemi uongo.

Kuna bi mkubwa mmoja nilikaa kwake siku nne. Nyumba yake ni ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, ukuta mnene kiasi kwamba mtoto analala juu ya dirisha. Siku ya kwanza akaniita, mwanangu njoo usikie. Vikombe vya kabatini vinagongana, tin tin tin, hata mi nilivisikia. Mashine yangu inasoma 0.9. Nikamwambia bi mkubwa, hii haipasui ukuta. Akanitazama, hakujibu, akaenda kuufunga mlango wa mbele kwa nguvu vile huufunga kila siku, na mashine ikaandika 2.4. Akacheka mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu, kila mtu akiingia anamwambia funga mlango polepole, kuna mtu anapima.

Nimeanza na hayo ili huyo msomaji ajue kwamba mi sitetei kila lalamiko. Nyingi ya nyufa nilizoonyeshwa ni za joto na unyevu, za paa linalovuja, za ukuta wa pili uliojengwa bila kufungwa na wa kwanza. Ndo maana kabla ya mjengo kuanza inafaa mtu apite kila nyumba apige picha za nyufa zote na kuziandika tarehe. Mafundi wa zamani walikuwa na ujanja wao, wanabandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa simenti huku na huku, kioo kikikatika unajua ukuta umetembea. Ni cha bei rahisi kuliko mi na mashine yangu.

Lakini sasa tuje kwenye sheria, manake huko ndo msomaji amepita juu juu. Kenya tuna kanuni za kelele na mtetemo za mwaka 2009, ziko chini ya sheria ya mazingira na anaezisimamia ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Zinasema mtetemo usipite sentimita 0.5 kwa sekunde, yaani milimita 5, nje ya mpaka wa ploti ulikotoka, au mita 30 kutoka kwa chanzo kinachotembea. Namba moja kwa nyumba zote, ya zege na ya chokaa. Wajerumani kwenye DIN 4150 wanagawa, nyumba ya kuishi 5, nyumba dhaifu yenye thamani ya kihistoria 3, na hata hizo wanazipandisha mtetemo ukiwa wa mapigo mengi kwa sekunde, manake mtetemo wa mapigo machache ndo mbaya zaidi kwa nyumba. Alafu hilo la mita 30 nimewahi kutupiwa usoni na msimamizi wa saiti, rola inatembea mzee, kapime mita 30. Mita 30! Kwa mitaa yetu ukienda mita 30 umevuka nyumba nne na duka na umefika kwa shemeji wa mtu. Kwa umbali huo rola ya kawaida haifiki hata 1, utapima mpaka jioni na kila kitu kitakuwa salama.

Na hata sheria ingekuwa nzuri, kifaa changu kinasema ukweli baada ya jambo kutokea. Maji yakimwagika hayazoleki, mi nitakuletea karatasi iliyoandikwa 9.6 na saa na dakika, lakini ufa ushaingia. Kwa hivo kukadiria mapema ni jambo jema, nalitaka kuliko huyo msomaji anavyolitaka.

Kukadiria kwenyewe sio kitu kipya. Kuna hesabu ya zamani ambayo mamlaka ya usafiri ya Marekani, FTA, wameiweka kwenye mwongozo wao, unachukua mtetemo wa mashine kwa umbali wa mita 7.6 alafu unaupunguza au kuuongeza kulingana na umbali wako. Kwa hizo mita 7.6 rola ya kutikisa ni kama 5, nyundo ya kupigilia nguzo kama 16, lori lililojaa kama 2. Umbali ukizidi mara mbili mtetemo unabaki kama theluthi. Hesabu ya kalamu tu, unaifanya ukiwa ndani ya matatu. Shida yake haijui chini kuna nini, na chini ya Mombasa kuna mambo. Hapa ni jabali la matumbawe, gumu linalia ukiligonga, hatua ishirini mbele ni mchanga, mbele yake tena ni kifusi alichomwaga mtu asiejulikana miaka ya babu, na visima vilivyo karibu na pwani maji yake yanapanda na kushuka na maji ya bahari kujaa na kupwa. Mtetemo haupiti sawa kwenye vitu hivo vyote.

Hapo ndo modeli za kompyuta zimeingia na kwa haki kabisa. Unaipa vipimo vya nyuma, mamia au maelfu, kila kimoja na habari zake, mashine gani, uzito gani, umbali gani, udongo gani, maji ya ardhini yako kina gani, na mtetemo uliosomwa ulikuwa ngapi. Yenyewe inajenga mti wa maswali, umbali umepita mita 15? ndio, pita huku, udongo ni mfinyanzi? hapana, pita kule, mwisho wa tawi kuna namba. Mti mmoja unakosea, basi wa pili unafundishwa kosa la wa kwanza, wa tatu unafundishwa kosa lililobaki, hivo hivo mpaka miti mia kadhaa, na jumla yao ndo jibu. Programu maarufu ya aina hiyo, XGBoost, ilielezwa na Tianqi Chen na Carlos Guestrin mwaka 2016 na leo hata mwanafunzi anaitumia kwa laptopu yake bure. Inafanya kazi vizuri. Lakini hakuna binadamu anaeweza kukaa akasoma miti mia tano ikawa ametosheka, kwa hivo namba inatoka kama sauti ya mtu alie nyuma ya pazia.

Sasa niwasimulie kilichotokea, saiti siitaji wala kampuni. Walikuwa wanashindilia kifusi kwenye ploti ya ghorofa tisa, upande wa nyuma kuna nyumba ya chokaa, kutoka mahali rola itakapopita mpaka ukuta ni mita 3, mi mwenyewe nilinyoosha tepu. Ikaja ripoti ya kurasa arobaini na kitu, nzuri, ya rangi, ndani yake kompyuta imekadiria mtetemo kwenye ukuta wa jirani utakuwa 3.8, kiwango cha sheria ni 5, kwa hivo salama, rola iingie Jumatatu. Nikamuuliza injinia kijana alieileta, kwa nini 3.8? Akasema modeli ndo imesema mzee. Nikamwambia mtoto wako akikwambia leo hakuna madrasa, si utamuuliza nani kakwambia? Akacheka lakini alikuwa mtu muungwana, akafungua laptopu pale pale juu ya mfuko wa simenti.

Nikamwambia weka mita 10. Akaweka, ikasema 3.8. Weka 6. Ikasema 3.8. Weka 3. 3.8. Tukatazamana. Nikamwambia weka nusu mita, yaani rola iko kitandani kwa mwenye nyumba. 3.8.

Kumbe data yote iliyoifundisha ile modeli ilianzia mita 10 kwenda mbele. Miti ya maswali haina namna ya kujua yaliyo nje ya ilichofundishwa, swali lake la mwisho ni umbali uko chini ya mita 11, ukijibu ndio unapewa namba ya hapo, uwe kwenye mita 10 au uwe umeegemea ukuta ni mamoja. Ile hesabu ya kalamu ya Wamarekani, na ujinga wake wote, ukiiwekea rola hiyo hiyo inakupa kama 3.5 kwa mita 10, 7.6 kwa mita 6, na kwa mita 3 inapita 20. Nyumba ya chokaa, 20! Na ripoti ya rangi imeshapigwa muhuri. Na usidhani ile modeli ilikuwa mbaya kwa vipimo vyao wao, la hasha, kwenye majaribio ilikuwa inapatia vizuri sana, ila majaribio yenyewe walichanganya vipimo vya saiti zile zile wakaficha vichache wakaiuliza. Ni kama mwalimu kutoa mtihani wenye maswali aliyoyafanya ubaoni jana. Ukitaka kuijua kweli unaficha saiti nzima, isiione kabisa, alafu unaiuliza hiyo.

Kijana akarudi kesho yake macho mekundu, hakulala. Alikuwa ameongeza ile kazi ya kuifanya modeli ijieleze, inaitwa SHAP, na hapa niombe nafasi kidogo Mhariri kwa sababu hili ndo jambo lenyewe na likielezwa kwa Kiswahili halina ugumu wowote.

Wavuvi wanarudi pwani na samaki. Kuna mwenye chombo, kuna mwenye nyavu, nahodha, mabaharia watatu. Nani achukue ngapi? Ukimtoa nahodha chombo kingeleta ngapi, ukimtoa mwenye nyavu je, ukitoa wote wawili je, unajaribu kila mpangilio wa nani kaingia kabla ya nani, unaona kila mtu akiingia samaki wanaongezeka wangapi, unachukua wastani, huo ndo mgao wake wa haki. Hesabu hiyo aliiandika Mmarekani Lloyd Shapley mwaka 1953 akizungumzia michezo na ushirikiano, na baadae, 2012, akapata Nobel ya uchumi pamoja na Alvin Roth kwa kazi zake nyingine. Mwaka 2017 Scott Lundberg na Su-In Lee wakaichukua hesabu ile wakawageuza wavuvi kuwa sababu, umbali ni mvuvi, uzito wa rola ni mvuvi, udongo ni mvuvi, na samaki ni namba iliyotabiriwa. Kwa hivo kwa nyumba moja unaambiwa hivi, tuseme, wastani wa modeli ni 2.1, umbali wa nyumba yako umeongeza 2.4, nguvu ya mashine imeongeza 1.3, udongo umeongeza 0.9, kina cha maji kimepunguza 0.5, jumla 6.2. Imechorwa kwa mistari, nyekundu inasukuma juu, buluu inavuta chini. Bi mkubwa wangu angeisoma hiyo bila miwani.

Basi kijana akanionyesha mchoro wa nyumba yetu na jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye mstari wa buluu. Uzito wa rola. Rola ya tani 12, modeli inasema uzito wake unapunguza mtetemo. Nikamwambia hebu rudia hapo, tukilileta rola kubwa zaidi nyumba itatulia zaidi? Akanyamaza. Watu wa mjengo waliosimama nyuma yetu wakaanza kucheka, manake hata anaeuza chai pale getini anajua rola kubwa likipita chai inamwagika. Tukafukua data. Marola makubwa yote yalipimwa kwenye barabara kuu huko nje, nyumba ziko mbali, mtetemo mdogo. Marola madogo yalipimwa mitaani, nyumba ziko karibu, mtetemo mkubwa. Kompyuta haijawahi kuliona rola kubwa karibu na nyumba hata siku moja, ikajifunza kwamba ukubwa ni upole. Haikudanganya kwa makusudi, ilisema ilichokiona.

Hilo kosa lisingejulikana na mtu yeyote kwa kutazama namba ya 3.8. Lilijulikana kwa sababu modeli ilitakiwa kutoa sababu, na sababu ikasomwa na mtu ambae hajui kompyuta lakini anajua rola. Ndo maana naandika hii barua. Mtu wa kompyuta anahitaji ile michoro ili airekebishe modeli yake, sawa, lakini anaeihitaji zaidi ni fundi, msimamizi wa saiti, mwenye nyumba, manake hao ndo wenye ujuzi wa kusema hapa umechemka.

Ila nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Kujieleza kwa modeli sio sawa na kuieleza ardhi. Ule mchoro unakwambia modeli imefikiria nini, haukwambii udongo umefanya nini, na ikifikiria upuuzi itakueleza upuuzi wake kwa mpangilio mzuri na rangi zake. Mgao wa haki wa makosa bado ni makosa. Alafu haiwezi kutaja kitu ambacho haikupewa. Yetu haikuwa na habari ya maji kujaa na kupwa, kwa hivo hata kama bahari ingekuwa ndo yenye lawama yote, kwenye mchoro lawama ingeangukia mtu mwingine. Na sababu zinazotembea pamoja, kama uzito wa rola na umbali kwenye ile data yetu, zinagawana sifa na lawama hovyo. Profesa Cynthia Rudin wa Chuo Kikuu cha Duke aliandika mwaka 2019 kwamba kwa maamuzi mazito tuache kabisa kuvieleza visanduku vyeusi, yaani modeli ambazo hakuna anaeona ndani yake, tutumie modeli ambazo tangu mwanzo zinasomeka. Mi nakubaliana nae nusu. Kwa ploti moja iliyo mita 3 na nyumba ya chokaa, hesabu ya kalamu ya umbali ilikuwa na akili kuliko miti mia tano, na injinia yeyote angeweza kuikagua. Lakini kwa mji mzima wenye jabali hapa na mchanga pale, miti inaona vitu ambavyo kalamu haivioni, sitaki kuitupa. Nataka zikae pamoja mezani, na zikipishana kama 3.8 na 20 mtu asimame aulize kabla ya kupiga muhuri.

Mwisho wa ile hadithi ni kwamba Jumatatu rola halikuingia kutikisa. Tulifanya jaribio moja, likapita mita 6 kutoka ukutani na jiofoni ikaandika 8.2, tukasimamisha hapo hapo, hatukuhitaji kujua ya mita 3. Baada ya hapo karibu na ukuta walitumia rola dogo, alafu bila kutikisa, uzito tu, wakashindilia tabaka jembamba jembamba, kazi ikachukua siku tatu zaidi. Na kuna jambo moja dogo dereva wengi hawaambiwi, rola la kutikisa linapiga kama mara 30 kwa sekunde, sasa likizimwa au likigeuza njia ile kasi inashuka polepole, na njiani inapita kwenye mdundo wa nyumba yenyewe, nyumba zetu fupi ziko kati ya mara 4 na 12 kwa sekunde. Ni kama bembea, ukiisukuma wakati wake inapaa. Kwa hivo ule mtetemo mbaya mara nyingi hautokei likiwa kazini, unatokea likisimama. Tulimwambia dereva azime mtikiso angali mbali, asiwashe wala kuzima mbele ya ukuta, akasema miaka kumi na moja anaendesha hajawahi kuambiwa. Na nikaja kufikiri, kwenye data ya ile modeli hakukuwa na safu ya kuzima na kuwasha. Hakuna alieiandika.

Ninachoomba sio kikubwa. NEMA na kaunti wakipokea ripoti ya mazingira yenye makadirio ya kompyuta, wasiikubali ikiwa na namba peke yake, kila nyumba iliyo jirani iandikwe namba yake na sababu zake tatu nne za juu, na iandikwe wazi modeli ilifundishwa kwa umbali gani mpaka gani na udongo wa wapi, ili mwenye nyumba ya mita 3 aone mwenyewe kwamba yeye hayumo. Iandikwe kwa Kiswahili, manake ile mikutano ya kuwauliza wananchi maoni nimehudhuria, mtu anasoma slaidi za Kiingereza dakika arobaini alafu anauliza kuna swali, na watu wanauliza soda ziko wapi. Na vipimo vyetu, sisi watu wa jiofoni, visiishie kwenye kabati la kontrakta. Mi nimepima saiti nyingi na kila kipimo kimezikwa kwenye ripoti ambayo hakuna mtu ataisoma tena, ilhali huo ndo udongo wetu, hayo ndo matumbawe yetu, na kijana anaetaka kufundisha modeli ya Mombasa anaishia kuazima data ya nchi ambayo hata nyumba ya chokaa hawajawahi kuiona. Toa jina la mwenye nyumba, toa jina la kampuni, bakisha mashine, umbali, udongo, mtetemo, viweke mahali pa wazi. Na lile la mita 30 kwenye kanuni, mtu mwenye kalamu huko juu alitazame, pima ukutani kwa mtu palipo na mtu.

Kuhusu wivu, msomaji mwenzangu nakualika. Jumamosi hii nitakuwa kwenye nyumba moja, kuna mjengo nyuma, jiofoni nitaigandisha saa mbili asubuhi. Njoo ukae nami mpaka saa kumi, mwenye nyumba atatupa kahawa. Ila uje na viatu vya kuvua haraka, na mlango ufunge polepole.

Mpima mtetemo,
Mombasa